Naomba ushauri: unasihi kwa kijana kiziwi, mkalimani ni mama yake

Habari zenu wakuu. Nasoma stashahada ya ustawi wa jamii, niko kwenye mafunzo kwa vitendo ofisi ya kata. Mteja wangu ni kiziwi, miaka 19. Anayemtafsiria ni mama yake. Nikigusa mambo ya nyumbani, kijana humtazama mama kwanza ndipo ajibu, tena kwa kifupi. Usiri hapo haupo kabisa, na hilo linaniumiza. Nimejaribu kuandikiana naye kwenye daftari, lakini Kiswahili cha maandishi kinamsumbua, maana lugha yake ya kwanza ni ya alama. Kadi za picha za hisia zimesaidia kidogo: anagusa ya hofu, sababu siipati.

Mkalimani wa Lugha ya Alama nimwombe kupitia halmashauri au chama cha viziwi, na nani humlipa? Na mama nimwombeje atupishe bila kumvunjia heshima?