Vibarua wa Kirundi wakikamatwa shambani, ujira wao unabaki kwa nani?

Wakuu, niko Kasulu, Kigoma. Tujadili hili bila matusi.

Mwezi wa kwanza nilikuwa nyapara kwenye shamba la maharage la bosi mmoja wa mjini. Vibarua tisa, sita wao Warundi walioingia kwa njia za panya upande wa Manyovu, mpakani na Burundi. Makubaliano yalikuwa chakula kwa bosi, fedha siku ya kumaliza kupura. Hesabu nilikuwa naziandika mimi kwenye kaunta buku, jina na idadi ya ngwe. Siku ya malipo, Jumamosi, saa tatu asubuhi, maharage yako juu ya turubai, gari la doria hilo. Shamba lile hata bodaboda hulipotea, lakini gari halikuuliza njia kwa mtu. Sita wakapandishwa. Mmoja alikuwa peku, akaomba akachukue viatu, akaambiwa atavikuta kwao. Ugali wao uliungulia jikoni.

Bosi alifika mchana, akahesabu magunia, akaondoka.

Sisemi Uhamiaji wasifanye kazi yao. Sheria ya Uhamiaji ya 1995 ipo, na ile ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamkataza mwajiri kumweka mgeni asiye na kibali. Kosa ni la watu wawili, gari linabeba mmoja. Bosi naye abebwe? Au walau ujira utoke kabla mtu hajavushwa mpaka?

Kijana wa Heru Juu: Mkuu, unawalilia wao, sisi je? Nikitaja bei ya ekari, tajiri anacheka, anasema Mrundi analima kwa nusu yake na hadai hata sabuni. Nimekaa kijiweni msimu mzima. Wakiondoka, bei inapanda.

Nyapara: Dogo, jiulize kwa nini ni rahisi. Ni rahisi kwa sababu hana pa kushtaki. Angekuwa analipwa kama wewe, tajiri angemfuata wa nini huko mpakani?

Mwalimu mstaafu, Kibondo: Wanangu, sisi Waha wa Kigoma tuwe wa mwisho kucheka kibarua. Mkoloni aliifanya Kigoma ghala la nguvu kazi, baba zetu wakaenda manamba kukata mkonge Tanga na Morogoro. Hata leo Kiha na Kirundi vinasikilizana kiasi kwamba msako ukipita, Mha asiye na kitambulisho cha NIDA anatakiwa ataje babu yake kazikwa wapi. Operesheni Kimbunga ya 2013, ule msako wa wahamiaji haramu Kigoma, Kagera na Geita, mliiona kwa macho. Waliondolewa watu waliokwishazeeka hapa.

Mzalendo: Mzee, shikamoo, lakini historia isitufunge. Aliyeingia bila kibali amevunja sheria. Mwizi akikamatwa anadai nauli?

Nyapara: Mwizi kaiba nini hapo? Magunia yapo stoo ya bosi. Afukuzwe, sawa. Jasho lake lilikwisha kumwagika.

Mkulima wa tumbaku, Ulyankulu: Huku Tabora deni ni kubwa kuliko hilo la maharage. Kibarua wa tumbaku anaanza na wewe kwenye kitalu, anahamisha miche, anapalilia, anachuma, anakesha anachochea moto kwenye bani la kukaushia, na fedha anangoja mpaka soko lifunguliwe. Ni miezi mingi inayoweza kufutwa kwa simu moja. Nimeshuhudia. Mimi ni mtoto wa waliokimbia Burundi 1972. Tulipewa uraia, zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Changu nakitunza kwenye nailoni. Bado basi likisimamishwa, mimi ndiye ninayeambiwa nishuke.

Mama wa Buhigwe: Kaka nyapara, ukisema bosi abebwe, unamjua bosi? Mimi ni mjane, nina ekari mbili na goti bovu. Vijana wetu wako Dar. Nawaita Warundi wawili siku nne, nawalipa jioni kwa jioni. Hicho kibali nikakitoe wapi? Sheria inataka nionyeshe nimemtafuta Mtanzania nikamkosa, tena niwe na mpango wa Mtanzania kuja kuirithi kazi. Kurithi jembe? Hata soko la pamoja la Afrika Mashariki la 2010, kwa upande wetu mlango ulifunguliwa kwa wenye taaluma zao. Wa jembe hakutajwa.

Nyapara: Hapo umenishika, mama. Wewe na yule wa mjini hamfanani. Basi narudi kwenye la pili: afisa akifika shambani aulize daftari kwanza. Anayedaiwa alipe pale pale, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, halafu gari liondoke.

Kijana wa Heru Juu: Afisa atajuaje daftari ni la kweli?

Nyapara: Litoke kwa aliyeliandika. Langu ninalo, kurasa kumi na moja.

Mkulima wa tumbaku, Ulyankulu: Ulilitoa siku ile?

Nyapara: Hapana.

Mama wa Buhigwe: Na wewe kaka, ulilipwa?

Nyapara: Nililipwa. Jumamosi ile ile.