Bibi kasahau jina langu, ila ukili anasuka bila kukosea. Inakuwaje?

Mjukuu wa Wete:
Assalaam alaykum. Bibi yangu mzaa mama ana miaka 81. Tangu mwaka jana ananiuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Namjibu, na chai haijapoa anauliza tena. Juzi nikamwekea miyaa mapajani. Akailowesha, akaichana kwa kucha, akaanza kusuka ukili huku anatazama mlangoni. Nilikaa nikamhesabia: kaongeza mwaa mpya mara 12, hakuna palipolegea. Akaenda chooni. Aliporudi akaushika ukili ule ule, akauliza, "Kasuka nani huu? Mzuri." Nilitoka uani nikalia. Kama kumbukumbu zimemtoka, hii imebaki wapi?

Baba Rukia:
Pole mwanangu. Huo ni uzee tu, msimsumbue na mahospitali.

Muuguzi Tanga:
Pole sana dada. Kaka Baba Rukia, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe, nitafika huko.

Kumbukumbu haziwekwi mahali pamoja. Mwaka 1953 huko Marekani, daktari William Scoville alimpasua ubongo Henry Molaison, kijana wa miaka 27 aliyeteswa na kifafa. Alimtoa sehemu kubwa ya hipokampasi, yaani sehemu ya ndani ya ubongo inayosaidia kushika mambo mapya, pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo Henry hakushika tena jambo jipya. Mtu akitoka chumbani na kurudi, kwake ni mgeni. Mtafiti Brenda Milner akampa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota kwa kalamu huku mkono wake anauona kwenye kioo tu. Jaribu uone ilivyo ngumu. Kwa siku tatu makosa yalizidi kupungua, na kila siku alisema kazi hiyo hajapata kuiona. Mkono umejifunza, mwenyewe hana habari. Ndiyo "kasuka nani" ya bibi yako.

Majina na mambo ya jana huhitaji hipokampasi ili yashikike, na ugonjwa wa Alzheimer mara nyingi huanzia maeneo hayo. Ujuzi wa mikono unategemea sehemu nyingine, ikiwemo serebelamu huko kisogoni.

Lakini usiseme ni Alzheimer kabla hajapimwa. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyopungua nguvu, hata sonona, vyote huleta usahaulifu, na vinatibika. Nimeona wazee wakiachwa miaka kwa neno "uzee". Inaniuma.

Baba Rukia:
Hilo la vitamini sikulijua. Ahsante.

Mjukuu wa Wete:
Akiniuliza tena mimi ni nani, nimkumbushe kwamba kashauliza?

Muuguzi Tanga:
Hapana. Mjibu kama ndiyo mara ya kwanza, maana kwake ndiyo.

Mjukuu wa Wete:
Leo nimekaa naye, nimechukua miyaa yangu na mimi. Kusuka sijui. Kanishika vidole: "Huu upitishe juu, huu chini, vuta." Jumatatu tunakwenda kupima. Miyaa nitaibeba, foleni ni ndefu.