Alinituhumu mbele ya watu, anataka yaishe kwa simu

Mama Imani: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mtunza hazina wa kwaya. Mzee mmoja wa kanisa alisimama mazoezini akaniuliza, kwaya nzima ikisikia, pesa za sare nimezipeleka wapi. Daftari nilikuwa nalo mkononi, hakutaka hata kulifungua. Baadaye stakabadhi ya benki ikaonekana kwenye faili lake mwenyewe. Jana kanipigia: "Mama Imani, kama ulikwazika, tusameheane." Tusameheane! Mimi nimemkosea nini? Moyoni nimeshamsamehe, ila natamani aseme mbele ya wale wale waliomsikia. Hicho ni kiburi?

Ndugu Yona: Achia tu, mama. Mathayo 18:15 inataka myamalize ninyi wawili, peke yenu. Ukidai jukwaa unalipiza kisasi.

Mzee Simeoni: Yona mwanangu, mstari huo unamwelekeza aliyekosewa aanzie wapi, haumpi mkosaji pa kujifichia. Soma 1 Samweli 15. Mfalme Sauli naye, alipokemewa na nabii Samweli, alitamka kwamba amekosa, na hapo hapo, mstari wa 30, akamsihi Samweli amheshimu mbele ya wazee. Alichokililia ni kiti cha ufalme. Mfalme Daudi, aliyemtwaa Bathsheba, mke wa mtu, alipoambiwa na nabii Nathani hakutaja wazee wala cheo, na toba yake, Zaburi ya 51, ikakabidhiwa kiongozi wa waimbaji, na Bathsheba katajwa juu kabisa. Dhambi ya mfalme ikaimbwa! (Siku hizi tungeiita umbea.) Tena Hesabu 5:7 inamtaka mkosaji akiri, arudishe kamili na aongeze sehemu ya tano. Jina la mtu huwezi kuliongezea sehemu ya tano, lakini kulirudisha pale ulipoliangusha unaweza.

Mama Imani, mwendee mwenyewe, usimtumie ujumbe. Mwambie unachohitaji ni maneno machache tu: pesa zilikuwa benki, stakabadhi ilikuwa kwangu, nilimsingizia. Akigoma, mstari wa 16 wa Mathayo 18 hiyo hiyo unakuruhusu kwenda na mtu mmoja au wawili.

Dada Tumaini: Na akisimama kusema, tafadhali, kwaya isipige vigelegele.

Mama Imani: Asanteni. Nitamwendea kabla ya mazoezi. Yona naye kanigusa kidogo, maana nilikuwa nimeshamchagulia hadi mahali pa kusimama.