Mtoto anaburuta mguu baada ya kudungwa sindano ya tako: je, ni ganzi tu?

Mama Watatu, Nyalenda (Jumatano, saa 3:10 usiku)

Hamjambo nyote. Naomba radhi kwa urefu wa maelezo haya, kwa sababu sijui ni sehemu ipi iliyo na maana kwa mtaalamu.

Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka minne na uzito wa kilo 15. Jumatatu ya wiki iliyopita aliamka na homa, akatapika mara moja, akawa analalamika kichwa. Foleni ya zahanati ilikuwa ndefu, nami nilikuwa kazini, kwa hiyo mama mkwe wangu, ambaye anaamini kwamba tembe hutuliza na sindano ndiyo huponya, alimpeleka kwenye duka la dawa lililo karibu na nyumbani. Hakupimwa damu. Alilazwa kifudifudi juu ya mapaja ya nyanya yake, akadungwa kwenye tako la kushoto, na nyanya yake anasema alipiga ukemi ambao hajawahi kuusikia kwake, akaurusha mguu kama aliyepigwa na stima. Jioni homa ilikuwa imeshuka, sote tukafurahi.

Kesho yake niliona kwamba ndala ya mguu wa kushoto haikai. Anatembea hatua tatu, ndala inamvuka, na yeye mwenyewe hana habari. Kidole gumba kimechubuka upande wa juu kwa kuburutwa sakafuni. Nikimwambia aniinulie vidole vya miguu, mguu wa kulia unatii, wa kushoto umelala tu. Homa haijarudi na anakula vizuri.

Bahasha ya tembe tulizopewa imeandikwa jina la mtoto na "1x3", basi. Jina la dawa aliyodungwa halipo popote. Niliporudi kuuliza niliambiwa ilikuwa "sindano ya homa", na kwamba ganzi itaisha nikimkanda kwa maji moto. Nimemkanda kwa siku saba. Je, sindano inaweza kumfanya mtoto hivi? Na je, mguu utarudi?

Mzee wa Ahero (saa 3:42 usiku)

Pole, mama. Usijitie hofu kupita kiasi. Miaka ya themanini watoto wangu wote sita walidungwa kwinini kwenye tako, tena zaidi ya mara moja, na wote wanatembea. Mtoto akishaumizwa huuogopa ule mguu, akaudekeza. Mpe wiki mbili, umwache acheze na wenzake, atasahau.

Muuguzi Mstaafu, Kakamega (saa 4:25 usiku)

Mama Watatu, pole sana. Mzee wetu wa Ahero, kwa heshima zote, wiki mbili ndizo hasa ambazo mama huyu hana.

Nianze na la haraka. Mtoto yeyote aliye chini ya miaka 15 ambaye kiungo chake kimelegea ghafla, hata kama sababu inaonekana wazi kama hii ya kwako, hushughulikiwa kwanza kama mtu ambaye polio haijaondolewa kwenye orodha ya magonjwa yanayoshukiwa. Kituo cha afya hutakiwa kutoa taarifa kwa afisa wa kaunti ndogo anayefuatilia magonjwa, na choo cha mtoto huchukuliwa mara mbili, kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee, kisha hupelekwa katika maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, mjini Nairobi. Wewe uko siku ya tisa. Ukienda kesho Alhamisi, sampuli ya pili itachukuliwa Ijumaa, na utakuwa bado ndani ya muda. Sisemi kwamba ana polio. Kwa maelezo yako sidhani kabisa. Hata hivyo, imejulikana kwa miongo mingi kwamba mtoto aliyebeba virusi hivyo bila dalili akidungwa sindano kwenye msuli, kupooza kunaweza kuangukia kiungo kilekile kilichodungwa. Kwa hiyo dhana yangu haitoshi, na chanjo zake zikaguliwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto.

Sasa sindano yenyewe. Katika tako hupita neva (mshipa wa fahamu) ya siatiki, iliyo nene kuliko zote mwilini, ambayo huteremka hadi kwenye unyayo. Mtu mzima ana nyama ya kuifunika. Mtoto wa kilo 15 hana nyama hiyo, na anaporukaruka mapajani mwa mtu, sehemu ambayo mdungaji anadhani ni ya juu na ya nje inaweza kuwa ya katikati. Si lazima ncha iichome neva. Dawa ikimwagwa kando yake huweza kuiunguza, kwa kuwa baadhi ya dawa ni kali kwa neva. Ule ukemi, mguu kurushwa, na udhaifu kuonekana ndani ya siku moja ni mambo matatu ambayo niliyaona pamoja mara nyingi mno katika wodi ya watoto, na mara nyingi mno sindano yenyewe haikuwa imehitajika. Fungua kijitabu cha mwanao uone: chanjo ya pentavalenti, ile ya magonjwa matano kwa pamoja, hudungwa paja la kushoto upande wa nje, na ya nimonia paja la kulia. Tako halimo kwenye ratiba hiyo. Paja la nje lina msuli wa kutosha tangu utotoni, na halina neva kubwa ya kuharibiwa.

Mama mkwe wako hayuko peke yake. Nusu ya wagonjwa wangu walitoka wakinung'unika kwamba hawakutibiwa kwa kuwa hawakudungwa. Sindano ni njia ya kuingizia dawa mwilini, na njia hiyo huchaguliwa kwa sababu maalumu: mgonjwa amezimia au anatapika kila kitu, dawa yenyewe huharibiwa tumboni kama insulini, inatakiwa ifanye kazi ndani ya dakika chache, au inatakiwa ikae mwilini kwa majuma. Malaria isiyo kali haimo humo. Tangu 2004 sera ya Kenya imekuwa ni artemeta-lumefantrini, ile AL, dozi sita kwa siku tatu. Mtoto wa kilo 15 humeza tembe mbili kila mara, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, dozi ya pili ikifuata saa nane baada ya ile ya kwanza. Akitapika ndani ya nusu saa, hurudiwa dozi ileile. Kutapika mara moja alfajiri hakukuwa sababu ya kumdunga, na bila kupima damu hatujui hata kama ilikuwa malaria.

Malaria kali ni jambo lingine. Mtoto anapopata degedege, akazimia, akashindwa kunywa au akawa mweupe kwa kukosa damu, hapo tunamkimbiza na tunamdunga bila kusita. Dawa ni atesuneti, mshipani au kwenye msuli wa paja: akiwa chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, anapofika, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Akiweza kumeza, humalizia kwa dozi kamili ya AL. Shirika la Afya Duniani liliiweka mbele ya kwinini kwa watoto mwaka 2011, baada ya utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, kuonyesha kwamba huokoa maisha zaidi. Nayo ina lake: kwa wagonjwa wachache chembe nyekundu za damu huvunjika juma moja hadi majuma manne baadaye, kwa hiyo mzazi huambiwa aangalie mkojo mweusi na weupe wa viganja.

Kesho nenda hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi wenu bado mnaiita Rusia. Beba bahasha na kijitabu.

Dozi ya Kila Mwezi, Nakuru (saa 5:03 usiku)

Naunga mkono, ila nisingependa msomaji aondoke hapa akiogopa kila sindano. Mimi niliugua homa ya baridi yabisi nikiwa na miaka 13, ikaniachia vali moja ya moyo inayovuja. Kila wiki ya nne hudungwa penisilini ya benzathini, yuniti milioni 1.2, ili homa hiyo isirudi, na nimeambiwa nitaendelea hivyo kwa miaka mingi. Tembe za penisilini zipo, lakini humezwa mara mbili kila siku na kinga yake ni hafifu zaidi, sembuse kwa kijana anayesahau. Dawa yangu ni nzito kama uji mwepesi na huziba sindano. Muuguzi ninayemwendea huishika chupa kiganjani mpaka ipate joto, kisha huisukuma polepole kwa dakika mbili au tatu, huku akiniuliza habari za mifugo ili nisihesabu. Siku mbili nachechemea kwa maumivu, lakini vidole vyangu vyote vinainuka. Tofauti hiyo ndiyo ingefaa mama aijue: maumivu ya msuli, uvimbe mdogo au homa ya siku moja ni mambo ya kawaida. Pahali palipodungwa pakizidi kuvimba na kupata joto baada ya siku tatu, huenda ni jipu.

Kuna jambo moja ambalo kwenye duka la dawa hulikuti. Nikishadungwa sipewi ruhusa ya kuondoka kwa nusu saa, na adrenalini iko mezani tayari, kwa sababu mzio mkali wa penisilini humbana mtu pumzi na kushusha shinikizo la damu katika dakika chache. Anayekudunga bila kukuuliza kama dawa yoyote imewahi kukudhuru, mwondokee.

Tiba ya Viungo, Bungoma (Alhamisi, saa 12:20 asubuhi)

Mama Watatu, acha maji moto leo. Ngozi ya mguu ule huenda haisikii vizuri, na nimewahi kupokea mtoto aliyeunguzwa kwa kukandwa, akawa na vidonda viwili badala ya tatizo moja. Kukanda hakuharakishi neva hata kidogo.

Unaloliona, unyayo kuning'inia, hutokea kwa sababu tawi la neva linaloinua kifundo ndilo huumia zaidi mahali pale. Ikiwa neva imechubuka tu, nguvu hurudi kati ya majuma machache na miezi mitatu. Ikiwa nyuzi zake zimekatika ndani, huota upya kwa takriban milimita moja kwa siku. Pima kwa futi kutoka takoni hadi misuli ya mbele ya muundi: kwa mwanao huenda ni sentimita 25 au 30, yaani miezi minane hadi kumi kabla ya msuli wa kwanza kuamka, na wakati mwingine urejeo huwa nusu tu. Kipimo cha umeme wa neva huwa na maana zaidi baada ya majuma matatu au manne. Miezi mitatu ikipita bila dalili yoyote, aonwe na daktari wa upasuaji.

Katika kungoja kuna kazi, na kazi yenyewe ni kuzuia kano ya kisigino isifupike. Omba banzi la kushikilia unyayo wima dhidi ya muundi, avae usiku na wakati mwingi wa mchana. Mara nne au tano kwa siku, goti likiwa limenyooshwa, shika kisigino kiganjani, egemeza unyayo kwenye mkono wako na uusukume kuelekea gotini taratibu, uhesabu hadi thelathini. Kila jioni kagua ngozi chini ya banzi. Na avae kiatu kilichofunikwa mbele. Ndala ziweke kando.

Mama Watatu, Nyalenda (Jumamosi, saa 2:15 usiku)

Nimerudi, na ninawashukuru. Sampuli zote mbili zimechukuliwa, jana na juzi, na afisa alikuja mpaka nyumbani, akawauliza pia majirani wenye watoto wadogo. Daktari alimgusa kwa pamba kutoka gotini hadi vidoleni: juu ya unyayo hasikii, chini yake anasikia kidogo. Amesema ni neva ya siatiki, akampa banzi na tarehe ya kurudi. Niliuliza kuhusu taarifa ya madhara ya dawa, nikaelezwa kwamba fomu hutumwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu, na tumeijaza, ingawa kwenye nafasi ya jina la dawa tuliandika "haijulikani".

Mama mkwe amenyamaza tangu Alhamisi. Leo nimemkuta amemweka mjukuu wake mapajani, amemshika kisigino, anahesabu kwa Kijaluo. Hajaruka hata namba moja.

Mzee wa Ahero (Jumapili, saa 4:50 asubuhi)

Mama, nilikupa ushauri mbaya, unisamehe. Niliposoma habari ya ndala nilimkumbuka kijana wangu wa tatu. Tangu shule ya msingi kiatu chake cha kulia huisha ncha kabla ya kisigino, na muundi ule ni mwembamba kuliko mwenzake. Sisi tulisema ndivyo alivyoumbwa. Jana nilimpigia simu nikamwambia ainue vidole. Ana miaka arobaini sasa. Mtaalamu wa Bungoma, je, kwa mtu wa umri huo kuna la kufanywa?

Tiba ya Viungo, Bungoma (Jumapili, saa 6:05 mchana)

Lipo, Mzee. Neva yenyewe haitaamka baada ya muda huo, lakini kuna banzi jepesi linaloingia ndani ya kiatu, na kuna upasuaji ambapo kano yenye nguvu huhamishwa kutoka nyuma ya kifundo ikapewa kazi ya kuinua unyayo. Kabla ya yote aangaliwe kama kifundo bado kinakunjika kikisukumwa kwa mkono. Mwambie aende na vile viatu vilivyochakaa, vitamwonyesha daktari anavyokanyaga.