Naomba ushauri: mungu fundi kampenda binadamu, nimekwama

Wakuu, habari zenu. Naandika hadithi ya mapenzi ya kuchekesha. Hephaestus, yule mungu mhunzi wa Wagiriki mwenye mguu mbovu, amefungua gereji Athens ya leo. Kampenda dada anayetembeza watalii kwenye hekalu lake, lile ambalo bado limesimama juu ya Agora, uwanja wa soko la kale. Shida ni kwamba kila siku dada anawasimulia wageni jinsi Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, alivyomsaliti mumewe, huyo huyo Hephaestus, kwa kulala na Ares, mungu wa vita, wakanaswa kitandani kwenye wavu aliouunda mume mwenyewe. Jamaa yupo pembeni, anasikia watu wanavyoangua kicheko! (Hapo hata mimi nacheka.)

Sasa, ajitambulishe mapema au dada agundue mwishoni? Semele, binadamu aliyependwa na Zeus mfalme wa miungu, aliungua alipomwona Zeus alivyo hasa, naogopa vichekesho visije vikageuka msiba. Mngekuwa nyie?