Ulinganisho: zana za kutafuta maneno ya utafutaji kwa tovuti ya Kiswahili. Za bure au za kulipia?

BandaLaMoro

Wakuu, salaam. Nina tovuti ya mambo ya kuku. Nauza vifaranga vya kroiler na sasso hapa Morogoro, na nimeandika makala kama 40 kuhusu mabanda, chakula, chanjo na magonjwa. Miezi minane sasa, wateja wanaotokea Google ni wa kuhesabu vidoleni. Kuna kampuni ya masoko niliilipa, ikanipa orodha ya maneno 500 ya kuingiza kwenye kurasa. Nikaingiza yote, hakuna kilichosogea. Nikiisoma orodha ile leo naona ni Kiingereza kilichogeuzwa neno kwa neno: "kuku shamba usimamizi", "bora kuku chakula". Mtu gani wa Gairo au Ifakara anaandika hivyo kwenye simu yake?

Nimeamua kutafuta maneno mwenyewe. Nimeshajaribu zana nne.

Keyword Planner ya Google ni ya bure. Unafungua akaunti ya Google Ads, unaingia. Tatizo, kwa sisi tusiolipia matangazo inatoa makundi tu: 10 hadi 100, 100 hadi 1,000, 1,000 hadi 10,000. Neno linalotafutwa mara 110 na linalotafutwa mara 900 yanapikwa chungu kimoja.

Semrush ya bure inaniruhusu maulizo 10 kwa siku, na maneno yangu mengi yanarudi matupu. Ubersuggest ni nyepesi kutumia, hata kwa simu, ila nayo inafunga mapema na mapendekezo yake ya Kiswahili ni machache.

Ahrefs nililipia mwezi mmoja. Ina mengi, sikatai, lakini kila neno la Kiswahili ninaloweka inaniambia ugumu wake ni 0. Hiyo sifuri maana yake nitashinda kirahisi, au maana yake haijui chochote? Na kwa tovuti kama yangu, kuna haja ya kuendelea kulipa?

FundiTovuti

Mkuu, swali lako la sifuri ni zuri, na wengi wameingia hasara kwa kutoliuliza.

Ugumu wa Ahrefs hupimwa kwa kuangalia kurasa kumi za kwanza kwenye matokeo, kisha kuhesabu ni tovuti ngapi nyingine zimeweka viungo (link) kuelekea kurasa hizo. Kurasa za Kiswahili za ufugaji ni nadra kuwekewa viungo. Watu wakipenda makala wanaituma WhatsApp, na kiungo cha WhatsApp hakihesabiwi popote. Kwa hiyo 0 ni hesabu sahihi ya kitu ambacho kwetu hakina uzito sana. Haikuambii kama zile kurasa kumi zimeandikwa vizuri au ni takataka. Hilo fungua uzisome mwenyewe, dakika 15 zinatosha.

Kosa jingine la namna hiyo: kwenye Keyword Planner kuna safu ya ushindani. Watu huisoma kama ugumu wa kupanda kwenye matokeo ya kawaida, kumbe inapima watangazaji wanaogombea neno hilo. "Ushindani mdogo" kwa neno la Kiswahili maana yake hakuna anayelipia tangazo hapo, basi.

Na ile idadi ya utafutaji kuwa tupu isikutishe. Google wenyewe wamekuwa wakisema kwamba asilimia 15 ya maulizo wanayopokea kila siku hawajawahi kuyaona kabla. Hiyo ni kwa lugha zote pamoja. Sasa chukua Kiswahili, ambacho kitenzi kimoja kinavaa nguo ishirini: kufuga kuku, ufugaji wa kuku, nafugaje kuku, nataka kufuga kuku, wafugaji wa kuku. Kwa Kiingereza Keyword Planner inajua kuunganisha umoja na wingi, na huko tofauti kwa kawaida iko mwishoni mwa neno. Kwetu iko mwanzoni. Sijaona hata moja kati ya hizo nne ikitambua kuwa "kifaranga" na "vifaranga" ni kitu kimoja. Kila umbo linahesabiwa peke yake, linakuwa dogo, linatupwa. Watafutaji wapo, wamegawanyika tu.

Ndiyo maana mimi kwa tovuti za Kiswahili naanza na Search Console, zana ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti watu waliandika nini hadi tovuti yake ikatokea. Hukuitaja kabisa. Umeiunganisha?

Bi_Forodhani

Assalaam alaykum. Mie naomba nitofautiane kidogo, maana naona mazungumzo yanaelekea kusema zana za kulipia hazina kazi.

Naendesha tovuti ya safari za wageni hapa Unguja: Jozani, Changuu, mashamba ya viungo, jahazi la jioni. Wateja wangu wako Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Italia. Sina namna ya kujua mtu wa Hamburg anaandika nini kabla hajapanda ndege, na simjui nikamuuliza. Hapo Ahrefs na Semrush zinanilipa. Naiweka tovuti ya mshindani wangu, naona kurasa zake zipi zinaleta watu na kwa maneno gani. Nilifahamu kwa njia hiyo kuwa wageni wanauliza sana mwezi kwa mwezi: hali ya hewa ya Aprili, mvua ya Novemba, kina cha maji bahari ikipwa pwani ya Paje. Nikaandika ukurasa kwa kila mwezi, na ule wa Aprili nikasema kweli kwamba ni masika na baadhi ya hoteli hufunga. Ndio unaoniletea barua nyingi kuliko yote, khasa kutoka kwa watu wanaotaka bei nafuu.

Lakini hata huko kuna mitego. Wajerumani huandika "Sansibar" kwa S. Nilipoona idadi yake nilifurahi mno, nikaanza kupanga kutafsiri tovuti nzima. Mwanangu ndiye aliyenifungua macho: huko Ujerumani, kwenye kisiwa cha Sylt, kuna mkahawa mashuhuri unaoitwa Sansibar, na watu wengi wanaoandika neno hilo wanatafuta meza ya chakula na fulana zake. Zana imehesabu sawasawa, mie ndiye niliyesoma vibaya. Tangu siku hiyo siandiki ukurasa kabla ya kulitafuta neno lenyewe na kutazama picha na matokeo yanayotoka katika nchi ile.

Kienyeji254

Salamu kutoka Nakuru. Hiyo ya Sansibar nimeielewa sana, kwa sababu mimi "kuku" ilinipotosha. Nilikuwa nimeacha mipangilio kwenye dunia nzima, nikaona neno linatafutwa ajabu. Kumbe India kuna programu ya kusikiliza hadithi inaitwa Kuku FM, na Wairani wana chakula cha mayai kinaitwa kuku. Ukiweka nchi kuwa Kenya au Tanzania picha inabadilika kabisa. Na mwenye kufuga bata awe mwangalifu hata akiwa nyumbani: nusu ya wanaoandika "bata bei" huenda wanatafuta viatu.

Nyongeza yangu ni Google Trends, ya bure na inadharauliwa. Haitoi idadi, inatoa kipimo cha 0 hadi 100 ambapo 100 ni kilele cha neno hilo katika kipindi ulichochagua. Unalinganisha maneno hadi matano. Nikiwa na majina mawili ya kitu kimoja, naenda pale. Na usisahau kuibadilisha kutoka utafutaji wa kawaida kwenda YouTube, kwa sababu mfugaji anapotaka kuona jinsi ya kutia dawa jichoni mwa kuku, anataka video. Kasoro yake: maneno madogo inajibu kwamba data haitoshi.

Tena ina faida ya misimu. Kuku wa nyama wa Krismasi lazima waingie bandani katikati ya Novemba, wanachukua kama wiki sita. Ukichapisha ukurasa wa vifaranga Desemba umechelewa. Mimi wangu nauandaa Septemba.

Halafu huku kwetu watu huchanganya: "kienyeji chicks price Nakuru", "vifaranga vya kienyeji bei". Ukurasa mmoja ukibeba lugha zote mbili kwa njia ya kawaida, kama tunavyoongea, unawapata wote. Zana zinataka uchague lugha moja. Kwenye Keyword Planner mimi huweka lugha zote.

BandaLaMoro

Nashukuru sana. @FundiTovuti, Search Console ilikuwa imeunganishwa tangu siku ya kwanza na aliyenitengenezea tovuti, mimi sikuwahi kuifungua! Nimekaa nayo jana usiku. Naandika nilichokiona kwa sababu kimenishangaza.

Nimefungua sehemu ya utendaji, nikaweka miezi 16, ambayo ndiyo mwisho wa kumbukumbu zake. Nikapanga maulizo kwa mara ambazo tovuti imeonekana, si kwa mibofyo. Juu kabisa jina la biashara yangu. Chini yake nikakuta hivi:

kuku wanaharisha kijani
kuku kupinda shingo
dawa ya mdondo
temevac inatumikaje
kuku kulala lala na kufa

Yote yanaelekea kwenye makala moja. Inaonekana mara nyingi, kwenye nafasi ya 14 au 18 ya matokeo, na karibu hakuna aliyebofya. Makala yenyewe nimeiita "Newcastle Disease: Sababu na Udhibiti". Ndani yake neno mdondo, ambalo ndilo jina letu la ugonjwa huo (wengine huuita kideri), halimo hata mara moja. Kuharisha kijani kumo, kwenye aya ya tisa, nimekuita "kinyesi chenye rangi isiyo ya kawaida".

Nimeandika makala ile kama ninayejibu mtihani. Na wakati huohuo mimi mwenyewe, mteja akinipigia simu, huwa ananiambia hivyohivyo: kuku wangu wanaharisha kijani, mmoja amepinda shingo. Nimeyasikia maneno haya miaka minne.

FundiTovuti

Hapo ndipo penyewe. Sasa tumia kichujio. Search Console tangu 2021 inakubali kuchuja kwa regex, yaani kielelezo cha herufi unachokitunga mwenyewe. Andika kideri|mdondo|newcastle, itakuletea yote yenye neno lolote kati ya hayo. Kwa yale maneno yenye viambishi, chuja kwa kiini: "faranga" itakamata kifaranga na vifaranga, "fug" itakamata kufuga, ufugaji, nafuga, mfugaji. Kazi ambayo zana za kulipia hazikufanyii, hii sehemu ndogo inakufanyia bure.

Jua tu mipaka yake. Maulizo yaliyoandikwa na watu wachache mno hufichwa kwa ajili ya faragha. Na inaonyesha yale tu ambayo tovuti yako tayari inatokea. Jambo ambalo hujaandika kabisa haliwezi kukuonyesha.

Kwa hayo, tumia kisanduku cha Google chenyewe. Fungua dirisha fiche (incognito) ili historia yako isiingilie, andika mwanzo wa swali halafu usibonyeze kutafuta: "dalili za kuku", "dawa ya kuku", "bei ya vifaranga", "tofauti ya kroiler na". Soma kinachojitokeza. Kisha ongeza herufi moja moja: "vifaranga vya a", "vifaranga vya b", "vifaranga vya ch". Inachosha, lakini yale mapendekezo yanatoka kwenye maandishi ya watu kweli, pamoja na makosa yao ya tahajia. Utaona kroiler, kuroiler, kuroila, wote wanatafuta ndege mmoja.

DaktariWaKuku

Samahani kuingilia, mimi si mtu wa tovuti, ni mtaalamu wa mifugo. Nimevutwa na hayo maneno matano.

BandaLaMoro, ukiandika upya ukurasa kwa "kuku wanaharisha kijani", tafadhali usiwaambie watu moja kwa moja kuwa ni kideri. Homa ya matumbo ya kuku na kipindupindu cha kuku navyo huleta harisho la kijani au la manjano. Shingo kupinda pamoja na vifo vya haraka ndivyo vinavyoelekeza kwenye kideri zaidi. Na huyo anayeandika "dawa ya mdondo" anatafuta kitu kisichokuwepo: mdondo hauna dawa ya kuponya, una chanjo. Chanjo hiyo, Temevac, ni tone moja jichoni kwa kuku wazima, kila baada ya miezi mitatu. Ukimpa aliyekwisha kuugua humponyi. Sasa wewe mtu kaja na neno hilo saa nne usiku kuku wake kumi wamelala chini. Mwambie hilo kwenye mstari wa kwanza, kisha mwambie atenge wazima na amwite mtaalamu wa kata. Asisome aya nane za historia.

BandaLaMoro

Daktari, nimekuelewa, na nitakutumia rasimu uipitie kabla sijaichapisha ukiridhia.

Kuhusu pesa nimeamua hivi. Ahrefs nasitisha usajili wa mwezi. Wana huduma ya bure kwa mwenye tovuti aliyethibitisha umiliki, inayoonyesha makosa ya kurasa na viungo vyako, hiyo naibakiza. Keyword Planner nabaki nayo kwa maneno ya kuuza tu, kama bei ya vifaranga, maana pale hata kundi la makadirio linanisaidia kujua lipi zito. Trends kwa misimu. Search Console kila Jumatatu. Na nimenunua daftari la kuweka karibu na simu ya dukani: mteja akipiga, dada anayepokea anaandika sentensi ya kwanza kama alivyoisema, bila kuisafisha.

Bi_Forodhani

Hilo la daftari naliiba. Mie nitawapa madereva wangu, wao ndio wanaoulizwa maswali tangu uwanja wa ndege.

Kienyeji254

Mkuu, kabla ya yote badilisha kichwa cha ile makala leo. Nimeipekua sasa hivi kwa simu, bado imeandikwa "Newcastle Disease".