Mo'Nique alikosea kukataa kuitangaza filamu bila malipo? Tujadili

Wakuu, salaam.

Juzi tulibishana na wenzangu watatu, wote washereheshaji na wachekeshaji, baada ya mmoja kusema kuwa Mo'Nique, mchekeshaji na mwigizaji wa Marekani aliyekataa kuitangaza filamu ya Precious bila malipo, alijiharibia kazi kwa mdomo wake. Tulibishana mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake akaondoka. Hoja ile bado inanikaa kifuani, ndiyo maana nimeileta kwenu. Msimamo wangu nausema mapema: naona hakukosea.

Kwa wasiomfahamu, Mo'Nique alizaliwa 1967 huko Baltimore, Marekani, na njia yake ya kuingia kwenye sanaa ilikuwa komedi ya jukwaani. Mwaka 1999 akapata nafasi ya mama kwenye tamthilia ya The Parkers iliyokwenda hadi 2004. Mwaka 2001 yeye na wanawake wenzake watatu weusi wakarekodi The Queens of Comedy. Hadi hapo watu wengi walimchukulia kama mtu wa kuchekesha tu.

Halafu ikaja Precious, 2009, ya mwongozaji Lee Daniels. Humo Mo'Nique ni Mary, mama anayemtesa binti yake. Kama mmeiona, rudieni ile sehemu ya karibu na mwisho, ofisini kwa afisa wa ustawi wa jamii, Mary anapojaribu kueleza kwa nini aliachia mtoto wake aharibiwe. Tazameni anavyonyamaza. Anaanza sentensi, anaiacha, anajifuta uso, anaanza nyingine. Sisi wa jukwaani tunajua kunyamaza kule. Ukisimama mbele ya watu mia mbili na kipaza sauti, usipojua kuhesabu kimya umekwisha. Mchekeshaji hukitumia kimya kulea kicheko. Yeye alikigeuza kikawa cha kutisha. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema alibahatisha. Ile ilikuwa miaka ya kazi ya usiku, sasa imeletwa mbele ya kamera.

Ugomvi ulianza baada ya hapo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alilipwa dola 50,000. Filamu ilipopata msambazaji mkubwa na majina mazito yakaungana nayo, akaombwa asafiri kuitangaza, ikiwemo tamasha la Cannes, Ufaransa. Akakataa. Alikuwa na watoto wadogo na kazi nyingine, na alisema aliyosaini ameyatimiza, haya ni mapya na hayana malipo. Tuzo ya Oscar aliipata vilevile, Machi 2010, mwigizaji bora msaidizi wa kike. Alivaa gauni la bluu na ua jeupe nywelani, kama alivyovaa Hattie McDaniel mwaka 1940, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata Oscar. Usiku ule wa 1940 Hattie aliwekewa meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu ileile, kwa sababu hoteli haikuruhusu weusi. Mo'Nique alimshukuru kwa jina jukwaani.

Baada ya tuzo ile wengi tungetarajia simu zimiminike. Yeye anasema zilikauka, na kwamba Daniels mwenyewe alimwambia Hollywood imemsusa.

Sasa hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Mwaka 2018 Whoopi Goldberg, naye mtu aliyetoka jukwaani hadi kwenye Oscar, alimwambia ana kwa ana kwenye kipindi cha The View kwamba kuitangaza filamu ni sehemu ya kazi na imo kwenye mkataba, na kwamba angemtafuta mapema angemwelekeza. Namheshimu sana mama yule. Ila jibu la Mo'Nique naliona wazi: mkataba wake ulikuwa na kampuni ya Daniels, na walioongeza madai ni wengine waliokuja baadaye.

Linanigusa kwa sababu nimelipitia. Mwaka juzi nilipata nafasi ndogo kwenye tamthilia moja. Mkataba ulikuwa kurasa mbili, siku sita za kurekodi, malipo kwa siku. Tulipomaliza nikaitwa redioni saa kumi na mbili asubuhi, jioni uzinduzi, Jumamosi Morogoro. Nilipewa tisheti yenye picha ya mhusika mkuu, na bei ya tisheti ile nikaikuta imekatwa kwenye malipo yangu ya mwisho. Nilipouliza nauli nikajibiwa, "Dada, hapa unajengewa jina." Msimu wa pili mhusika wangu akaandikiwa safari ya kijijini, hakurudi tena. Hakuna aliyeniambia nimefukuzwa.

Mwenzetu alisema Mo'Nique angekubali kwanza, adai baadaye. Tazameni basi alipodai. Mwaka 2018 alisema hadharani kwamba Netflix walimpa ofa ya dola 500,000 kwa shoo moja, wakati wachekeshaji wenzake walipata zaidi: Amy Schumer milioni 13, na Dave Chappelle na Chris Rock milioni 20 kila shoo. Akatukanwa kwamba ana tamaa. Mwaka uliofuata akashtaki, akidai ubaguzi wa rangi na jinsia. Netflix waliomba sehemu ya kesi ifutwe, jaji akakataa 2020, na 2022 pande mbili zikamalizana nje ya mahakama. Mwaka 2023 shoo yake ikatoka Netflix hukohuko.

Na Daniels? Aprili 2022 alipanda jukwaani kwenye shoo ya Mo'Nique huko Staten Island, New York, akamwomba radhi mbele ya watu. Miaka kumi na miwili baada ya tuzo. Wakafanya tena filamu pamoja, ikatoka 2024. Anayesema mambo yaliisha vizuri anisaidie: miaka ile, ya mwigizaji aliyekuwa kileleni, nani anailipa?

Wenye maoni tofauti karibuni, hasa mliowahi kuzalisha filamu, maana najua bajeti zenu nazo zina maumivu. Na mliowahi kusaini mkataba wa kuigiza hapa kwetu: je, siku za kutangaza kazi ziliandikwa humo, na nauli ililipwa na nani?